Gramu Kumi na Moja

Chumba cha kumi na nne, ghorofa ya tatu,
Mlango wa kijani, juu ya duka.
Tarehe 9 Machi, mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke.

Mpendwa Kitinda, mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mume wako na wale wawili wasiokupa nafasi hata ya kumeza mate. Mgongo wako unaendeleaje? Uliweka mto nyuma ya kiti cha cherehani kama nilivyokusihi, au bado unajifanya binti wa miaka ishirini? Mimi ni mzima kwa kiwango cha mtu wa miaka sabini na nne. Kifua changu kinafanya kazi nusu siku, na nusu ya pili kinapumzika bila kuniomba ruhusa. Vinginevyo nala, nalala, nasoma.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma mara nne kama mjomba, na mara ya tano nikaisoma na penseli mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma ripoti za kazini.

Nakushukuru kwa kunisimulia kile kikao cha maoni juu ya mswada wa bangi. Nilikuwa kama nimekaa kiti cha nyuma humo ukumbini. Nimemwona mwalimu mkuu mstaafu akisema kwamba leo tukiruhusu msokoto, kesho tutaruhusu sindano. Nimemwona yule askari jela mstaafu aliyesimama akasema kwa miaka thelathini alifungia watoto wa watu mlango kwa sababu ya kitu kinachoenea kwenye kiganja. Na yule mama ambaye mwanawe yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, aliyeanza kusema, akashindwa, akakaa. Nilipofika kwa yule fundi viatu, aliyedai bora waruhusu tu, maana wabunge wenyewe wakizungumza mtu hudhani wameshajiruhusu, nilicheka peke yangu mpaka kifua kikanikumbusha umri.

Unaniuliza hali ikoje huku, ambako walishamaliza kubishana. Walibishana miaka tisa, wakaruhusu. Nijuavyo mimi, hakuna kilichobomoka, wala hakuna aliyeokoka. Jirani yangu wa chumba cha kumi na mbili, dereva wa lori, ana mtoto aliyeanza kuvuta shuleni, na leo mtoto huyo anaongea na ukuta wa ngazi kama anavyoongea na mama yake. Kwa hiyo sitakuambia kwamba bangi ni mboga. Yule mama aliyeshindwa kumaliza maneno yake ana haki ya kusikilizwa kuliko sisi sote.

Lakini duka lililo chini ya chumba changu ndilo duka la bangi lenyewe. Lina vioo safi kuliko duka la dawa. Bangi imepangwa kwenye mitungi ya kioo yenye majina kama ya manukato, na muuzaji ni binti mwenye adabu anayevaa aproni na glavu. Kwa miaka mitatu nilipita mlangoni bila kugeuza shingo. Baada ya barua yako niliingia.

Mbele yangu alikuwa ajuza mwenye fimbo, anayesumbuliwa na magoti. Binti aliweka kikopo kitupu juu ya mizani, akabonyeza kitufe, namba zikarudi kwenye sifuri. Ndipo akaanza kutia. Nilimuuliza kile kitufe ni cha nini, ingawa nilijua. Akanijibu kwa upole, kama wanavyojibiwa wazee, kwamba ni cha kuifanya mizani isahau chombo, ili mteja apimiwe kilichomo tu.

Nilimwomba anipimie gramu kumi na moja, nizione tu, sinunui. Alinitazama, akapima. Zilienea kwenye kiganja kimoja, nacho hazikukijaza vizuri. Nilimshukuru, nikapanda ngazi, nikakaa.

Kitinda, ulikuwa na miaka minane wakati ule, na najua ulisimuliwa vipandevipande, kila mtu akikupa kipande kinachomfaa. Acha nikupe chote kwa mkono wangu.

Kaka yako alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, anajifunza umeme kwa fundi mmoja pale mtaani, na kila mtu akimwita Waya. Mama yako, dada yangu, Mungu amrehemu, alifua suruali yake akakuta msokoto mfukoni. Alipopekua chini ya kitanda akakuta kopo la majani ya chai, lile la bati nene lenye mfuniko wa kubana, na ndani yake kulikuwa na bangi. Hakumpigia kelele. Aliniletea mimi, kwa kuwa baba yenu alishafariki na mjomba ndiye wa kumtia kijana adabu. Samaki hukunjwa angali mbichi, alisema. Alitaka nimwombe koplo, jirani yetu, amweke Waya kituoni mchana mmoja, aone nondo, arudi jioni na akili yake. Maneno yake ya mwisho mlangoni nayakumbuka yote. "Mtishe tu, kaka. Usinivunjie."

Unajua kazi yangu ilikuwa kukagua mizani. Nilikuwa nikizunguka maduka na maghala na mawe yangu ya shaba ndani ya sanduku, na muuza duka aliyezoea kuiba kidogo alikuwa akiniona kwa mbali anaanza kutoa jasho. Walinitania kwamba hata nikisalimiwa, naipima salamu kwanza ndipo niitikie. Nilifurahia utani ule. Mtu anayejulikana kwa usahihi huanza kuupenda usahihi wake kuliko anavyowapenda watu.

Basi nikaona kwamba kama ni kutisha, tutishe kwa utaratibu. Nilipima. Kwenye kazi yetu huandikwa mistari mitatu: chombo na kilichomo, chombo kitupu, halafu kilichomo. Nilipima yote matatu. Lakini koplo alikuwa amesimama mlangoni ananihimiza, nami nikaandika mstari wa kwanza tu, nikatia sahihi. Mingine miwili nikasema nitaijaza baadaye. Ilikuwa karatasi ya kumtishia mtoto, nani angeisoma?

Wiki ileile kituo kilipata mkubwa mpya aliyetaka kesi. Koplo alipoenda kumtoa Waya jioni, jalada lilishafunguliwa. Alikuja nyumbani akasimama nje, hakukubali kuingia, akaniambia, "Limenitoka mkononi, mkaguzi." Kwenye hati ya mashtaka waliandika gramu mia moja sitini na nne za bangi. Kwa sheria ya wakati ule, aliyezidi hamsini alikuwa mfanyabiashara.

Niliitwa mahakamani kwa sababu ya ile sahihi. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha juu, feni moja imeharibika. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama nilipima mwenyewe. Ndiyo. Mizani ilisoma ngapi? Mia moja sitini na nne. Je, mizani ile yaweza kuwa ilikosea? Hapo, mpwa wangu, nilijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilisema, "Mizani yangu haijawahi kukosea."

Hakuna aliyeniuliza kuhusu kopo. Nilisimama nikisubiri niulizwe. Nilijiambia kwamba shahidi hujibu anachoulizwa, hajipachiki. Halafu hakimu akamgeukia Waya, ambaye hakuwa na wakili, akamuuliza kama ana swali lolote kwa shahidi. Waya alikuwa analijua lile kopo kuliko mimi. Swali moja tu lingemtoa. Alinitazama, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na mama yenu tangu anatambaa, kwamba mkubwa hahojiwi mbele ya watu, akasema, "Sina swali kwa mjomba."

Nikaambiwa nishuke. Nikashuka. Walimpa miaka saba.

Nilirudi kwa hakimu baada ya siku tatu, na mistari yangu mitatu mkononi. Karani akaniambia hukumu imeshatolewa, nikate rufaa. Nilianza kutafuta wakili. Kabla sijampata, vita tulivyokuwa tukivisikia redioni vikafika mtaani, na mahakama yenyewe ikafungwa. Watu wakafunga mizigo. Nami nikafunga wangu. Wote mlidhani nimekimbia bunduki kama wengine, na kwenye karatasi zangu za huku ndivyo ilivyoandikwa. Ukweli ni kwamba waliokimbia bunduki walirudi zilipotulia. Mimi nilikuwa nimelikimbia kopo.

Mama yako alikufa Waya akiwa ndani, mwaka wa tatu. Aliniandikia mara mbili kabla ya hapo, na katika barua zote mbili hakulitaja jambo hili hata kwa neno moja. Ningependa angenitukana.

Sasa unaniambia mswada ukipita utafuta makosa ya waliokutwa na bangi ya kutumia wenyewe, ila wa biashara hawamo. Jina la Waya limo kwenye daftari la wafanyabiashara. Yeye aliyekuwa akiomba kiberiti kwa jirani. Kwa hiyo amekosa leseni ya umeme kwa miaka yote hii kwa sababu ya uzito wa bati, na ataikosa hata baada ya nchi nzima kusameheana. Kiapo nilichotuma mwaka jana karani amekirudisha, akisema karatasi haihojiwi, shahidi aje mwenyewe. Nawe unaniomba nije mwezi wa sita.

Naweza kukupa sababu, na zote ni za kweli. Daktari wa kifua amenikataza ndege. Kijitabu changu cha safari, cha mkimbizi, kinaniruhusu kwenda nchi zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo mliyomo. Jalada liliungua pamoja na ghala la mahakama. Iliyobaki ni hukumu tu, yenye ile namba yangu, mia moja sitini na nne. Hakimu wa leo ataniuliza kwa nini aamini kumbukumbu ya mzee dhidi ya kiapo cha mzee huyohuyo alipokuwa na akili timamu, aliyesema mizani yake haikosei. Ningekuwa mimi hakimu, nisingemwamini mzee huyo.

Lakini sitaki ujifiche nyuma ya sababu hizo kwa niaba yangu. Jumapili mchana nilipiga simu ya mume wako, nikamwomba ampe Waya. Usimlaumu kwa kukuficha, nilimwomba mimi.

Aliniamkia. "Shikamoo, mjomba." Baada ya yote hayo, bado ananiamkia. Nilimwambia kwamba naweza kujaribu kuja. Akauliza nije kusema nini. Nikamwambia, kusema zilikuwa kumi na moja.

"Hilo nalijua, mjomba. Nililijua siku ile."

Nikamuuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile: kwa nini hakuniuliza. Nikasikia cherehani yako inaenda nyuma yake.

"Ningekuulizaje? Ulikuwa mjomba."

Kisha akaniambia nisije. Alisema mkono wake wa kulia unatetemeka tangu alipokuwa ndani, na mwenye mkono wa namna hiyo akipewa leseni ataunguza nyumba za watu. Anatengeneza pasi za majirani kwa mkono wa kushoto, inatosha. Alisema, "Ukija utanikuta nimekusamehe, au sijakusamehe. Yote mawili sitaki uyaone."

Nikuambie jambo moja la aibu, kisha nimalize. Aliposema nisije, nilipumua vizuri kuliko nilivyopumua mwaka mzima.

Najua wewe huipiganii leseni. Unapigania jina lake lisafike, na jina la mama yako pamoja nalo. Endelea, ingawa sioni kama utafika. Nimeweka ndani ya bahasha hii kiapo kingine, kimegongwa muhuri, kwa mistari yote mitatu ambayo ingepaswa kuandikwa siku ile:

Kopo na kilichomo, gramu 164.
Kopo tupu, gramu 153.
Kilichomo, gramu 11.

Wakikirudisha tena, kiweke pamoja na vitu vya mama yako.

Nisalimie mume wako na umshukuru kwa simu. Wabusu wale wawili. Mwambie mkubwa kwamba mchoro wake wa treni nimeubandika juu ya meza, ingawa una magurudumu upande mmoja tu. Nisalimie koplo, kama bado anatoka nje kuota jua, yeye hakukosa. Mungu akupe mikono isiyochoka na watoto watakaothubutu kukuuliza maswali mbele ya watu, nawe usiwakataze.

Mjomba wako anayekupenda sana.

Uliniomba jibu fupi la kumsomea Waya. Msomee hili: sitarudi.