Tumbo la Mume Mbele ya Bukwe

Jumapili, jioni

Mkono ule ule unaonikumbatia, ndio niliouchoma vibaya.

Tangu arusi, wiki tatu tamu, ninamchoma Ilunga wangu insulini mwenyewe kila asubuhi, tumboni, penye kanyama kidogo. Mwembamba sana, mpenzi wangu! Lakini leo mama yake, aliyefika jana kutoka Kipushi, alikuwa ameketi nasi chumbani. Ningefunuaje tumbo la mume mbele ya bukwe, mama mkwe wangu? Nikachoma mkono, ngozi tupu juu ya msuli.

Haukupita muda akatetemeka, jasho likamtoka... Mama ndiye aliyemnywesha maji ya sukari. Mimi nililia tu.

Tulipompeleka dispensari, muuguzi alinieleza polepole: "Citoyenne, finya ngozi kwanza. Kama haifinyike, usichome pale. Dawa itaingia mu musuli, itakimbia mbio."

Ilunga anacheka: "Ee bibi, hii tumbo si ni mama mwenyewe aliizala?"

Sikuweza kucheka. Nilipiga magoti, nikamwomba bukwe msamaha. Akaniinua.

"Mwana yangu, ungeniambia tu nitoke."

Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni asubuhi, nikayameza.