Mgeni Katika Tangi la Sista

Jumatatu, 7 Machi 1955

Nimetoa ndoo moja ya maji, nimetia ndoo moja ya maji ya mvua yaliyotulia mtungini siku mbili. Samaki wote watano wamekula. Mukama amekula mwisho, kama kawaida yake. Watoto ndio waliompa jina hilo la mtawala, kwa kuwa ni mkubwa na hana haraka.

Leo siku ya pili tangu Sista Agata aende Bukoba. Atarudi baada ya Pasaka. Zahanati ameiacha mikononi mwa dresa anayefunga vidonda na kugawa dawa, Bwana Protasi. Tangi la kioo ameniachia mimi. Akirudi ataamua kama nibaki hapa misheni nijifunze uuguzi, au nirudi nyumbani kwenye migomba. Hakulisema kwa ukali. Sista husema kila kitu kwa sauti ileile.

Asubuhi mtoto mmoja alimeza kwinini bila kulia. Alikunja uso tu, kisha akalisha samaki. Ndiyo sheria ya Sista: anayemeza dawa ndiye anayelisha.

Bwana Protasi alipita akachungulia tangi. "Ijumaa za Kwaresima hizi, binti. Wakizidiwa, niambie mapema nimenye ndizi za kuwapikia." Watu wa Muleba kwa utani! Niliinamia ndoo yangu.

Alhamisi, 10 Machi

Shangazi amekuja kutoka Kamuli. Amelala njiani usiku mmoja. Alileta ile chupa kubwa ya kioo ambayo Sista alimpelekea sukari wakati wa Noeli. Ndani kulikuwa na maji na samaki wawili wadogo wa kijivu.

Alisema mbele ya wagonjwa wote barazani, "Chupa ya watu nitairudishaje tupu? Nikasikia kwenu mnafuga samaki. Basi nikawavua kijitoni." Ameibeba kichwani siku mbili. Kila alipovuka kijito alibadilisha maji ili wasife.

Kwenye ukuta, karibu na tangi, kuna karatasi ya Sista. Mstari wa tatu unasema: Samaki mgeni akae peke yake wiki tatu. Nilianza kusema kuna beseni. Shangazi akacheka. "Kwenu mgeni hukaa uani, mwanangu?" Barazani wote wakacheka. Masikio yakawaka moto.

Nikawamimina tangini.

Kusema kweli sheria ile sikuipenda tangu mwanzo. Nyumbani mgeni huketishwa kati ya watu. Kumweka peke yake ni kumwambia aondoke.

Shangazi ameondoka na chupa. Nimemjazia chumvi.

Jumatano, 16 Machi

Mukama anajikuna. Anapita mbio, anajisugua kwenye jiwe, anageuka, anajisugua tena. Mapezi ameyabana mwilini. Kwenye mkia ana chembe nyeupe, kama mtu amemnyunyizia chumvi.

Nilifikiri ni uchafu. Nimetazama mara tano. Si uchafu.

Alhamisi, 17 Machi

Wekundu watatu wana chembe. Wale wageni wawili wana chache tu, na wanakula vizuri. Nimemwandikia Sista. Barua imekwenda Omurushaka kupanda basi. Nimeeleza chembe, kujikuna, mapezi, maji. Wageni sikuwataja.

Nilisema moyoni kwamba karatasi ilikuwa imejaa. Haikuwa imejaa.

Jumapili, 20 Machi

Chembe za Mukama zimetoweka! Mwili safi kabisa. Nimesali kwa furaha mpaka mwenzangu wa benchi akanitazama. Nimemwambia Bwana Protasi kwamba wamepona wenyewe. Akasema hata wagonjwa wake husema hivyo siku homa inaposhuka, kisha hutupa vidonge vilivyobaki. Hakuwa akitania. Sikumwelewa.

Jumatano, 23 Machi

Zimerudi. Si tano wala kumi, ni mwili mzima, mpaka kwenye macho. Wote saba. Mukama yuko juu ya maji, anavuta hewa kwa mdomo. Mvua haikomi na maji ni ya baridi.

Mtoto wa leo alimeza dawa, akaja kulisha. Samaki hawakusogea. Akauliza, "Na wao wamekataa dawa?"

Nilikwenda jikoni nikalia.

Alhamisi, 24 Machi

Mwekundu mmoja amekufa. Yule mwenye doa jeupe tumboni. Nimemzika chini ya mgomba nyuma ya zahanati. Bwana Protasi aliona lakini utani wa ndizi hakuutoa. Namshukuru kwa hilo.

Ijumaa, 25 Machi

Barua ya Sista imefika. Dereva aliikabidhi dukani Omurushaka, mwenye baiskeli akaileta.

Naandika maneno yake yasinipotee. Kile cheupe ninachokiona ni nyumba ya kijidudu, kimejificha chini ya ngozi ya samaki. Humo dawa haikipati. Kikishiba huanguka chini, hujigawa kwenye mchanga kikawa mamia, na wale wachanga hupanda juu kutafuta samaki. Hapo ndipo dawa huwaua. Kwa hiyo siku samaki anapoonekana safi ndiyo siku ya kutia dawa kwa bidii, si siku ya kuiacha.

Jumapili ile nilikuwa nasali, nao walikuwa wanazaana.

Nipashe maji moto polepole, kwa sababu kwenye joto vijidudu hukua upesi na kutoka upesi. Kila siku nifyonze uchafu wa chini kwa mpira. Nitie kwinini kwa kipimo alichokiandika, lakini nitumie vidonge vilivyovunjika tu, vile vya chini ya kopo. Kizima hata kimoja nisiguse, vile ni vya watu.

Mwisho ameandika hivi: "Umeeleza vizuri, ila umesahau jambo moja. Ugonjwa huu hauzaliwi na maji. Huletwa. Nani mgeni?"

Nimesoma mstari huo mara nne.

Jumamosi, 26 Machi

Tumeanza. Bwana Protasi amesaga vidonge vilivyovunjika na kuvipima kwenye mizani ya dawa, kwa makini kama anampimia mtoto mchanga. Tulipunguza maji, tukalisogeza tangi karibu na jiko la kuchemshia sindano. Kipimajoto cha zahanati hakisaidii, kinaanzia joto la mtu. Natumia kiwiko, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Maji yasinichome, yasinishtue.

Kufyonza uchafu kwa mpira nimejifunza leo. Maji nimeyameza mara mbili. Kwinini ni chungu kweli. Watoto walifurahi sana.

Jumapili, 27 Machi

Mwekundu mwingine amekufa. Wamebaki watatu, na wageni wawili.

Nimemwandikia Sista barua ya pili. Fupi. Nimesema wageni waliletwa na shangazi yangu, lakini aliyewamimina ni mimi. Karatasi niliiona. Niliogopa kuchekwa, na niliona ni aibu kumtenga mgeni. Nimesema pia kwamba katika barua ya kwanza nilificha. Nimeipeleka mwenyewe hadi kwa mwenye baiskeli, nisije nikabadili mawazo.

Ijumaa, 1 Aprili

Sista hajajibu.

Majani ya tangini yamekufa kwa kwinini. Nimeyatoa yote. Chembe zinapungua. Sifurahi. Nafyonza, napima, natia. Mukama leo amekula punje moja, akaitema, akaila tena.

Jumanne, 5 Aprili

Wote safi. Mapezi yamefunguka. Bwana Protasi aliuliza, "Sasa unaacha?" Nikamjibu hapana, siku kumi bado. Akasema, "Hayo maneno uje uwaambie wagonjwa wangu." Nilisema sitaweza kusimama mbele ya watu. Akaondoka akicheka.

Kutoka kwa Sista bado kimya. Najiona tayari kwenye migomba na jembe.

Jumanne, 12 Aprili

Sista amerudi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama, sikuweza kuinuka. Alikwenda tangini kabla hajavua koti. Akahesabu: watatu na wawili.

"Barua ya kwanza iliniudhi," akasema. "Ya pili ilinifika moyoni."

Nilipouliza kama nitabaki misheni, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, alisema, "Nitaona." Afadhali angenikaripia.

Jumamosi, 16 Aprili

Jana tulimaliza dawa. Leo Shangazi amekuja tena.

Na chupa, iliyokuwa na chumvi yangu. Sasa ina samaki mmoja wa kijivu, anazunguka. Baraza limejaa, siku ya kliniki. Sista amesimama mlangoni na beseni la bandeji. Shangazi ananyoosha chupa kwangu.

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamshukuru. Kisha nikasema, "Shangazi, huyu atakaa peke yake wiki tatu." Nilisikia sauti yangu ikifika mpaka ukutani.

"Ehe! Kakosa nini?"

"Hajakosa. Wale wa kwanza walikuja na ugonjwa usioonekana. Wenyeji wawili wamekufa. Wewe hukujua. Mimi niliambiwa, nikaona haya kusema."

Uso wa Shangazi ulibadilika, akatazama miguu yake yenye vumbi la siku mbili. Nilitaka ardhi inimeze. Nikaweka chupa juu ya meza, nikaisogeza mpaka kioo chake kikagusa kioo cha tangi. Mukama akaja taratibu kumtazama mgeni. Mgeni naye akasimama kumtazama.

Shangazi akainama akaangalia.

"Ah," akasema, "kumbe kawekwa sebuleni."

Mzee mmoja akaanza kucheka, halafu wote. Safari hii masikio hayakuwaka. Shangazi akaomba uji, akanywa vikombe viwili, akiwaeleza wote waliomkaribia kwa nini samaki wake asiguswe wiki tatu. Alieleza vizuri kuliko mimi.

Sista aliingia ndani na beseni lake la bandeji.

Jumatatu, 18 Aprili

Mvua kidogo asubuhi. Nimetoa ndoo moja, nimetia ndoo moja. Chupa ya mgeni nimeibadilishia maji kwa kikombe chake mwenyewe, na mikono nimenawa kabla na baada. Ana wiki mbili na siku tano bado.

Kwenye msumari karibu na tangi kulikuwa na aproni nyeupe. Nilifikiri Sista ameisahau. Mfukoni kuna karatasi yenye majina ya wagonjwa walioacha vidonge kabla ya kuvimaliza, na maneno haya: Waambie kama ulivyomwambia Shangazi.

Aproni ni ndefu kwangu. Nimeikunja kiunoni mara mbili.

Mukama amekula mwisho.