Ukuta Wenye Alama za Meno

Dada mshauri, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana hili nimeshindwa kumweleza hata mume wangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani magauni ya harusi, chumba kizima ni vitambaa vyeupe, na kwa kuogopa madoa nimepiga marufuku maharage, mboga za majani, embe na chochote chenye rangi, kwa hiyo mwanangu wa miaka minne amekua kwa uji mweupe, wali mtupu na mkate, na mdogo wake anayejifunza kusimama namnywesha uji huohuo, na mpaka juzi nilikuwa najisifu kwamba wanangu hawasumbui kula. Sasa mkubwa amepauka, hachezi, anasimama tu katikati ya magauni kimya, hadi mteja aliyekuja kupima akaniuliza, "Fundi, mbona hili gauni linapumua?" Nikafunua, nikamkuta mwanangu, mikono ya baridi, midomo haina rangi. Chaki zangu za kuchorea vitambaa zinapotea, na nyuma ya meza ya kukatia nimekuta ukuta umeliwa, plasta imechimbika, alama za meno waziwazi, usawa wa mdomo wake. Akaniambia, "Mama, ukuta mtamu." Kilichonitoa jasho ni shimo la pili, jipya, bado lina mate, chini karibu na sakafu, na yeye anasema si lake. "Hilo la mwenzangu." Jirani anasema nyumba ina kitu, na mimi naogopa kuingia chumba changu mwenyewe. Nihame?

Fundi wa Magauni

Fundi, pole, ila leo nitakusema. Umelinda vitambaa vya watu ukasahau damu ya mwanao. Mtoto anayetafuna chaki na ukuta mara nyingi mwili wake umepungukiwa damu na madini ya chuma, na chakula chako cheupe hakimpi. Usifunge virago, wala usimlipe mtu wa kufukiza nyumba. Kesho asubuhi nenda kliniki, apimwe damu na minyoo, na umwambie daktari kuhusu ukuta, kwa sababu rangi na plasta vinaweza kuwa na sumu. Usimpe vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Mpe maharage, mchicha, mayai, maini, na chungwa pembeni. Hatavipenda mara moja, usimgombeze, mletee tena kesho yake. Mlishe jikoni, mvalishe nguo kuukuu, achafuke. Chumba cha kazi kifungwe kwa kitasa, na gauni likipata doa mwambie bibi harusi anitafute mimi.

Halafu isome tena barua yako. Huyo mwenzake hayumo ukutani, mama, ananyweshwa uji uleule na ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Kliniki wapeleke wote wawili. Sasa weka gazeti chini, umwite mdogo, umfungue mdomo, uangalie ulimi wake una nini.