Sehemu ya Nne ya Njia ya Mlima Tokam

Mjini, 6 Machi 2012

Kaka Taesop,

Shikamoo. Hujambo wewe na wifi? Natumaini kiuno kimekuachia sasa baridi imepungua. Naandika kwa sababu masikio yako yameshaikataa simu. Juzi nilikuuliza habari za miche ya pilipili, ukanijibu kwamba daktari wa meno amehama.

Mimi ni mzima, ila kazi imenikaba. Wilaya imeamua kutengeneza njia ya matembezi kuuzunguka Mlima Tokam wote, kilomita ishirini na moja, sehemu sita, na mratibu ni mimi. Usicheke. Watu wa misitu hawataki mti uguswe, watu wa bwawa hawataki mtu asogelee maji, zimamoto wanataka kufunga kila kitu majani yakikauka, na wenye mabasi wananiuliza watembezi watashukia wapi. Nawakalisha meza moja kila Jumanne na hakuna anayemtazama mwenzake. Na lazima tufungue Oktoba, majani yakiwa mekundu, watu wapate mahali pa kupumulia.

Sasa habari njema. Sehemu ya nne inapita nyuma ya kijiji chenu. Nilidhani itatutoa jasho, lakini kwenye picha zilizopigwa kutoka angani nimeona njia ya zamani, safi kabisa, inapanda kutoka bwawani mpaka kwenye kiwanja kidogo cha majani chini ya msonobari mkubwa. Pale tutaweka kibanda cha kupumzikia na benchi nne, maana bonde lote linaonekana. Fomu za ridhaa za wenye ardhi zitakuja kwa mwenyekiti wa kijiji. Wewe ukigonga muhuri wako, wengine watafuata.

Mdogo wako,
Kyongran

Samgol, 15 Machi 2012

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako hajambo, anakusalimu, na kimchi ya figili aliyokuchachulia tangu Desemba bado inakungoja. Kiuno changu kipo, na kila asubuhi kinanikumbusha kwamba kipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, kwamba siku hizi serikali inawatafutia watu mahali pa kutembea. Mimi na baba tulibeba kuni kwenye mlima huohuo na hakuna aliyetuchorea ramani. Ya pili sikucheka.

Ile njia si ya zamani. Ile njia ni mimi. Picha yako ilipigwa Septemba, kwa sababu kila mwaka kabla ya Chusok, sikukuu ya kuwazuru marehemu, ndipo ninapoifyeka, na majani yakirudi huioni tena. Njia tuliyopandia siku ya mazishi ilikatwa na maporomoko, nikaifungua hii ya bwawani kwa mikono yangu. Nilikuandikia. Ulijibu, "Pole kaka, kazi ni nyingi."

Na hicho kiwanja cha majani, Kyongran, ni mama. Kivuli cha msonobari kimelifunika kaburi, ndiyo maana hukuona mwinuko wake. Unataka kumjengea mama kibanda kichwani na kumpangia benchi nne miguuni.

Wala benchi hazijaniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba uliukodolea macho ule msonobari usiutambue. Miaka sita hujakanyaga pale. Najua, sikukuu ya wenzako ndiyo msimu wako wa kazi, milima inajaa watu. Kila mwaka namwambia mama utakuja mwakani. Mwaka jana niliona aibu, sikumwambia kitu.

Muhuri wangu uko kwenye droo na utakaa humohumo.

Kaka yako,
Taesop

Mjini, 2 Aprili 2012

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize vipi habari za afya baada ya barua ile. Niliisomea ofisini, nikajifungia chooni nikalia. Una haki ya kila ulichosema.

Kibanda na benchi nimevifuta siku ileile. Lakini njia yenyewe sina pengine pa kuipitisha. Kushoto ni mwamba mtupu, kulia ni maji, na watu wa bwawa wameshakataa. Bila sehemu ya nne njia haizunguki mlima, mtu atapanda na kugeuka alikotoka. Mkuu wangu ameniuliza mara mbili kwa nini kijiji kilichobaki bila ridhaa ni cha kwetu sisi.

Naweza kuweka uzio na kibao cha kuwaomba watu watulie. Au, kaka, usinikasirikie, wilaya huwasaidia wanaokubali kuhamisha makaburi. Hapa mjini kuna jengo zuri la kuhifadhia majivu ya marehemu. Ningeweza kumtembelea mama kila Jumapili.

Mdogo wako,
Kyongran

Mjini, 11 Juni 2012

Kaka,

Shikamoo. Wiki ya kumi sasa sipati jibu. Mwenyekiti ananiambia jina langu likitajwa kikaoni unavaa kofia yako unatoka. Neno la kumhamisha mama nalirudisha. Sikupaswa kulisema. Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Kyongran

Samgol, 20 Agosti 2012

Mdogo wangu,

Hujambo? Joto la mwaka huu limetunyoosha, ila tupo. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilifaa kuchomwa, nami nikakichoma.

Mwezi uliopita niliteleza kwenye matuta ya pilipili. Sijavunjika, lakini daktari amenipiga marufuku kubeba mashine ya kufyekea mpaka mwakani, na kupanda mlima pia. Wifi yako anataka tuwaite watu wa ushirika, wanaofyeka makaburi ya walio mbali na kuwatumia picha. Wanafyeka vizuri, siwasemi. Ila sitaki mtu asiyemjua mama amkate nywele.

Nitafyeka Jumapili ya tarehe tisa Septemba. Yaani, utafyeka wewe. Simwiti mratibu wa wilaya, namwita binti wa mama. Usipokuja sitaandika tena.

Kaka yako,
Taesop

Mjini, 13 Septemba 2012

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Kiuno kinaendeleaje? Changu hakifai, na viganja vimejaa malengelenge, hata kalamu inaniuma. Wenzangu ofisini wanadhani nimepigana na mtu. Jumapili ile ilikuwa siku ya tamasha la matembezi. Nilimwachia naibu wangu kipaza sauti, naye bado hanisemeshi.

Wewe ulikaa kwenye kiti chako kule bwawani ukinipigia kelele: "Shusha mundu, hupigi makofi! Chunga nyigu kwenye mzizi!" Hukuona nilichokiona mimi huko juu, kwa hiyo ngoja nikwambie.

Kazi yangu ni njia, na njia kama yako sijaiona. Kila penye mwinuko umelaza gogo, na hatua ni fupifupi, hatua za mtu anayeumwa kiuno na bado anapanda. Kisha nikafika kwa mama nikaikuta benchi. Hukuniambia kuna benchi. Ubao mnene wa msonobari, umeuelekeza kaburini, bonde umelipa mgongo. Nilikaa. Upande wa kushoto umelainika kwa kukaliwa. Wa kulia bado una alama za randa. Uliichonga ya watu wawili, kaka, na miaka yote hii umekalia upande mmoja.

Nilimmiminia mama pombe ya mchele, nikasujudu mara mbili, nikamwambia ni mimi, nimechelewa. Nililia sana na sikujificha.

Sasa sikiliza. Nimeandika upya sehemu ya nne. Njia inapinda mita arobaini chini ya mama, inapita kwenye mianzi. Watu wa misitu watanung'unika, nitawavumilia. Na kama hata hilo hulitaki, naifuta sehemu yote, mlima hauzungukwi, nami nitajieleza kwa mkuu wangu. Fomu mpya nimeiambatisha. Safari hii sikubembelezi.

Chini kabisa nimeongeza jambo moja. Kila mwaka, wiki tatu kabla ya Chusok, sehemu ya nne inafungwa siku mbili kwa kufyeka. Msimamizi: Mun Kyongran. Mwakani nikitaka kusema nina kazi, kazi yenyewe itakuwa hiyo.

Mdogo wako,
Kyongran

Samgol, 31 Oktoba 2012

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Kiuno kimeniachia kidogo, na daktari asiyejua ninakokwenda hawezi kunikataza.

Fomu uliipata na muhuri wangu, na uliona nimeikata ile mianzi yako kwa kalamu nyekundu. Naona hukuuliza, ukaipitisha njia palepale ilipokuwa. Nakueleza hata hivyo. Mama alikuwa anamwita hata muuza sufuria aje anywe maji kibarazani. Nikajiuliza, nitawapitishaje watu kwenye nyigu na mianzi ili wasimwone mama, na yeye maisha yake yote aliuacha mlango wazi? Nilichokataa ni kutoulizwa. Ulipoacha kunibembeleza, nikaona naweza kukupa.

Tangu mfungue, wanapita kweli. Jumamosi niliwahesabu mpaka nikachoka. Wengi wakifika pale wanashusha sauti wenyewe, bila kibao. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana aliacha nusu chungwa kaburini. Mzee mmoja akaniuliza kama mimi ni mlinzi wa wilaya. Nikamwambia mimi ndiye fundi wa barabara hii, na bosi wangu ni mdogo wangu wa kike, mkali kweli. Ila choo mmekiweka mbali, wapelekee malalamiko hayo Jumanne mezani.

Wifi yako amekutilia kimchi mpya, ile ya zamani tumeila.

Kuhusu benchi. Wakifika wamechoka wanataka kukaa, nami upande wangu nawapisha, nasimama kidogo, hakuna neno. Wakitaka kukaa upande wa kulia nawakatalia. Nawaambia pale pana mwenyewe, anakuja Septemba.

Kaka yako,
Taesop