Namba Tisa ya Akinyi

Awendo, Ijumaa, Novemba 1996

Na huu mdomo wangu! Nimemgombeza Akinyi njia nzima kutoka shule. "Muhula uliopita namba nne, leo tisa! Unacheza?" Mtoto analia tu.

Kumbe! Jioni mwalimu wake amenipata sokoni. "Mama Akinyi, alama zake zimepanda. Ni watoto wa wakata miwa wamehamia darasani, na hao wana akili!"

Mimi huangalia namba tu, hayo mengine ya ripoti yananishinda. Naogopa asije akaachia darasa la nne kama mimi.

Nimechinja kuku. Firigisi, ambayo huwa ya baba yake, nimempa Akinyi, akacheka mpaka akakohoa. Baba akirudi kutoka kiwandani akiuliza, kuku huyu hakuwa na firigisi.