Hina niliyompaka Suzana

Theodora, wewe nawe umeozesha kwa Waislamu, soma hii yote.

Mwanangu Suzana kichwa kinamuuma tangu mumewe Faris azikwe. Nikampaka hina nywele zote, ipoze kichwa.

Wifi yake Khole akaingia. Akapaza sauti mbele ya watu wa msiba: “Mjane yuko eda, anapakwa hina kama bibi harusi! Mama mtu ameshamtafutia bwana!”

Bwana! Udongo wa Faris haujakauka!

Mimi ningejuaje kwamba eda inakataza hina? Wewe uliza kwanza kabla hujamgusa mwanao.

Sasa wanasema arudi kwetu Igalula, watoto wabaki kwao.

Nimemwosha kwa sabuni huku nalia. Nywele zimezidi kuwa nyekundu.

“Mama, acha,” ameniambia. “Wameshaona.”