Sangara wa kwanza wa Jibril

Munirah, uko?

Mwanangu Jibril amepiga samaki wake wa kwanza, sangara mzima. Amempelekea mama mkwe wake, huko Kasubi.

Mama mkwe, Munirah. Si mimi.

Na nani alizunguka naye madukani kutafuta ile bunduki ya mshale ya kupigia samaki chini ya maji? Yeye alitaka ndefu, ya bei kali. Nikamwambia, baba, ziwa letu ni tope, hata ukiwa na mtungi wa hewa mgongoni huoni mbali. Chukua fupi, ya bei nafuu. Muuzaji akaniita bibi kwa Kiganda, "Jjajja anajua kazi."

Kwetu samaki wa kwanza ni wa mama. Jibril anajua.

Yule mama mkwe mwenyewe kanipigia kunishukuru. Nikajibu alhamdulillah. Ningesema nini?

Jibril kaja, eti, "Mama, yule bado hajanikubali. Wewe utaelewa."

Eti nitaelewa. Kila siku mimi ndiye wa kuelewa.

Bunduki ameiacha hapa sebuleni. Mpira wake wa kurushia mshale nimeuvua, uko ndani ya mkoba wangu. Akiutaka, aje na samaki.